Bolti Iliyokatikia Kwenye Injini: Soma Ilivyokatika Kabla ya Kushika Drili

Bolti ikikatika gari likiwa juu ya jeki na giza linaingia, mkono hukimbilia drili. Uzuie kwanza. Chukua kile kichwa kilichobaki kwenye soketi, kipanguse, kisha ukitazame penye mwanga mzuri. Pale ilipokatika utaona kwa nini imekatika, kipande kilichobaki kimekwama kiasi gani, na kama kitatoka kwa kugongwa kidogo au kitahitaji moto. Hedi nyingi, yaani sehemu ya juu ya injini yenye valvu, huharibika baada ya bolti kukatika, katika zile dakika za haraka zinazofuata.

Haya yanamhusu anayefungua injini mwenyewe hapa Nairobi, kwenye maegesho ya ploti Donholm au nyuma ya nyumba Kasarani, akiwa na gari la Kijapani lililotumika. Karibu magari haya yote yana hedi ya alumini, na mengine, kama Vitz, Probox na Fielder zenye injini ya 1NZ-FE, yana hata bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya alumini. Bolti ni chuma kigumu na shimo lake liko kwenye metali laini, kwa hiyo kila kosa la drili huangukia alumini. Bolti ni ya bei ya soda. Hedi si hivyo.

Ilikatika ukifanya nini?

Swali hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata, kwa hiyo lijibu kwa uaminifu hata kama jibu linauma.

Kama ilikatika ukiikaza, una nafuu. Uzi, yaani ile mikato ya kujisokota kwenye bolti na shimoni, haukuwa na kutu, bolti ilizidiwa nguvu tu. Kichwa kikishakatika, mvutano uliokuwa ukiubana uzi huisha, na kipande hubaki shimoni kikiwa kimelegea. Uso wa mkatiko utauona wa kijivu, safi, wenye alama za kujisokota. Usikitoboe. Tafuta sindano ya kuchorea chuma au tindo nyembamba yenye ncha kali, iegemeze karibu na ukingo wa kipande, kisha igonge polepole kuelekea kinyume cha saa. Kikishaanza kuzunguka kitaendelea, na kikichomoza unakimalizia kwa koleo. Wanaoumia zaidi hapa ni M6, yaani bolti za unene wa milimita 6, zile za spana namba 10 zinazofunga kava ya valvu na sampu (karai la mafuta chini ya injini). Kipimo chake cha kawaida cha kukaza ni karibu Nm 10 (newtonmita), nguvu ya kifundo cha mkono tu. Mtu akizikaza kwa racheti ya nusu inchi, hatasikia chochote mpaka zikatike.

Kama ilikatika ukiifungua, tatizo ni kutu, au uzi umelika na kushikamana na alumini. Kumbuka hesabu hii: bolti nzima ya milimita 8 imeshindwa kuzunguka hadi ikakatika. Chuma chembamba cha milimita 4 utakachokiingiza katikati yake kitawezaje kuizungusha, kama hukubadilisha chochote kwenye uzi? Hapa kazi ni kuuachisha uzi kwanza, kwa mafuta, mishtuko na moto, ndipo uvute.

Kama ilikatika yenyewe, gari likitembea, huenda ni stadi ya manifoldi ya ekzosi, yaani ile bolti isiyo na kichwa iliyozamishwa kwenye hedi na kufungwa kwa nati. Dalili yake ni mlio wa tik-tik unapowasha gari asubuhi, hasa baridi ya Julai, unaopungua au kutoweka injini ikipata moto kwa sababu metali inapanuka na kuziba mwanya. Ukimulika utaona mstari wa masizi meusi kwenye ukingo wa gasketi. Manifoldi hupanuka kwa urefu wake kila injini inapopata moto, na wanaobeba msukumo huo wa ubavuni ni stadi za miisho miwili. Ndiyo maana huanza kukatika hizo kabla ya zile za katikati. Uso wa mkatiko una rangi mbili: sehemu ya zamani iliyokuwa nyeusi au ya kahawia, na sehemu ndogo inayong'aa ambako chuma kilichosalia kilikata tamaa. Ufa ulikuwepo muda mrefu. Ukiona hivyo, zile nyingine za pembeni zichukulie kuwa ziko njiani.

Kuna alama ya nne: unga mweupe kuzunguka bolti, hasa kwenye nyumba ya themostati na pampu ya maji. Huo ni alumini iliyoliwa. Chuma na alumini vikilowa maji pamoja huanza kulana kwa njia ya umeme, na ule unga hujaa kwenye uzi ukaushika kama saruji. Nairobi tunauona sana kwa sababu watu wengi hujaza radieta maji ya bomba badala ya kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Bolti za hapo zipe heshima yake kabla hujaweka spana.

Bolti inayokaribia kukatika hutoa ishara

Bolti yenye afya ikiachia hutoa mlio mfupi, tak, kisha inazunguka kwa urahisi. Ukiusikia, shida imeisha.

Mlio wa kukwaruza, kriii, kila unaposogeza, unamaanisha kutu inasagika kwenye uzi. Simama. Irudishe ndani robo mzunguko, tia mafuta, itoe nusu, irudishe tena. Anayelazimisha njia moja tu huisukuma ile kutu mbele mpaka uzi ujae na kukaba.

Ishara mbaya kuliko zote ni ulaini. Spana inasogea lakini hakuna mlio, na mkono unahisi kama unavuta mpira. Bolti haizunguki hapo, inajisokota. Ukiongeza nguvu kidogo tu itakatika. Ondoa spana, na usiiguse tena mpaka uipashe moto.

Historia ya gari nayo ni dalili. Sheria ya Kenya inaruhusu gari liingie nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8, na baada ya hapo linatumika mingine mingi. Lililokaa Mombasa limepigwa na chumvi ya bahari. Lililotoka sehemu za theluji za Japani limetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Lala chini utazame bolti za saspensheni na za ekzosi: zikiwa zimevimba kwa kutu, za injini zilizo karibu na ekzosi zitibu hivyo hivyo.

Kichwa kimeliwa, bolti bado nzima

Hii ni kwa kifupi kwa sababu hujapoteza kitu. Kichwa kikiwa cha duara, acha soketi ya pembe kumi na mbili, tumia ya pembe sita, na uigonge kwa nyundo ikae. Soketi za kung'oa zenye meno ya kujisokota ndani zinapatikana Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na ni ununuzi mzuri kuliko seti ya ekstrakta, vile vyuma vya kuingizwa kwenye bolti iliyotobolewa ili kuing'oa. Bolti za kichwa cha heksi ya ndani, gongea biti ya Torx (ya umbo la nyota) iliyozidi kidogo.

Ikishindikana, kata kichwa kwa drili au grinda, utoe kile kifaa kilichokuwa kimefungwa. Mvutano ukiisha, utabaki na kisiki kirefu kilichochomoza, na hiyo ni hali nzuri.

Kisiki kimechomoza nje

Hata milimita tano zinatosha kufanya kazi. Usikimbilie kukikata kisawazike, maana ndicho kishikio chako.

Kwanza mafuta ya kupenya. WD-40 ya kawaida inasaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya kutu yanafanya vizuri zaidi, na mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu ATF (mafuta ya gia za otomatiki) unafanya kazi vizuri pia. Unashika moto upesi, kwa hiyo usiutumie siku ile ile unayopanga kuwasha tochi ya gesi. Paka, gonga kisiki kwa nyundo ndogo kwa kukilenga wima, mapigo mengi mepesi, halafu paka tena. Mishtuko ndiyo inayovunja kutu na kufungua njia. Mafuta peke yake yanakaa juu. Ukiweza, acha usiku kucha na urudie asubuhi. Subira hii ndiyo sehemu ya kazi isiyogharimu kitu, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kisha vaisi gripu, ile koleo inayojifunga, iliyokazwa mpaka taya zimeuma kweli. Sogeza mbele na nyuma, kwanza upande wa kukaza. Kusudi ni kukifanya kitikisike tu, kutoka kutafuata. Kama uzi wa kisiki ni mzima na mrefu, nati mbili zikikazwa moja dhidi ya nyingine zinakupa kichwa cha kushikia spana. Njia hii ni nzuri kwa stadi ambazo hazijakatika, na huwa dhaifu kwa zilizokwama kwa kutu nzito.

Kikigoma, moto. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kwa hiyo kwenye hedi ya alumini pasha moto hedi kuzunguka shimo, wala si bolti, na shimo litapanuka kuliko kilicho ndani yake. Tochi ndogo ya gesi inatosha. Kuwa mwangalifu kwa jambo moja: alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, na aloi za hedi huanza kulegea chini ya hapo. Hutaiona ikiwa nyekundu, utaiona ikiporomoka. Dondosha tone la maji: likichemka na kurukaruka, joto linatosha, ondoa moto na ujaribu kuzungusha.

Kwenye bloku ya chuma cha kusubu mambo ni kinyume kidogo. Huko unaweza kuipasha bolti yenyewe hadi iwe nyekundu ya giza, uiache ipoe, na kule kupanuka na kusinyaa kuvunje kutu. Ikiwa bado ya moto lakini si nyekundu, gusisha mshumaa kwenye mzizi wake. Nta iliyoyeyuka hunyonywa ndani ya uzi mahali mafuta hayafiki. Mafundi wa zamani wanaiheshimu njia hii, na mimi pia.

Kabla ya moto wowote: bomba za petroli zifungwe au ziondolewe, matambara yenye mafuta yawe mbali, na kizima moto au ndoo ya mchanga iwe karibu. Mahali ulipopuliza kisafisha breki pasikutane na moto. Vile vyenye klorini hutoa gesi ya fosijeni vikiungua, nayo hushambulia mapafu. Kazi hii usiifanye ndani ya gereji iliyofungwa.

Imekatika sawa na uso wa hedi, au imezama shimoni

Hapa ndipo wengi hushika drili. Kama ningeruhusiwa njia moja tu, ningechagua kuchomelea nati, na jiji hili limetupa bahati kubwa: fundi wa kuchomelea hayuko mbali na mtu yeyote, awe Kariobangi Light Industries, Gikomba au kwenye banda la mtaani.

Njia yenyewe ni hii. Safisha uso wa kisiki mpaka chuma king'ae. Weka washa ya chuma yenye tundu linalolingana na kisiki, fundi aichomelee ndani ya tundu, kisha juu yake nati kubwa kidogo, ichomelewe kutoka ndani yake mpaka ijae. Kwa kisiki cha M8, nati ya M10 inampa nafasi ya kufikisha rodi chini. Kuchomelea kwa chuma hakushiki kwenye alumini, kwa hiyo hata tone likigusa ukingo wa shimo huwa linabanduka. Na joto kali lililopita katikati ya bolti limeshavunja kutu yote. Ndiyo sababu njia hii hushinda mahali nyingine zimeshindwa: inakupa kichwa kipya na moto wa ndani kwa pamoja.

Acha ipoe hadi wekundu uishe kabisa, dakika moja au mbili, utie mafuta au nta, kisha sogeza kwa spana mbele na nyuma bila pupa. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Kila mara joto linafanya kazi yake, na mara nyingi ya pili au ya tatu ndiyo inayotoka. Mweleze fundi mapema unachotaka, maana wengi huzoea kazi za mageti na hufikiri unataka kuziba: «Fundi, jaza ndani ya nati tu, mimi nitafungua mwenyewe ikishapoa.» Kubaliana bei kabla mashine haijawashwa.

Kama kisiki kimezama milimita chache, mashine ya MIG ndiyo bora, kwa sababu waya wake mwembamba unaweza kujenga tone juu ya tone katikati ya shimo mpaka chuma kifike juu. Kwa rodi za kawaida, ya milimita 2.5 na umeme mdogo, inahitaji mkono uliotulia.

Gari likiwa na injini yake, toa waya za betri, chomoa soketi za kompyuta ya injini na za altaneta, na klampu ya athi iwekwe kwenye hedi yenyewe karibu na kisiki. Ikiwekwa mbali, umeme utatafuta njia kupitia bearingi na kuziacha na vidonda. Kama hedi imeshafunguliwa, ifunge kwenye gunia uipeleke bandani. Ni salama zaidi, na unafanya kazi ikiwa juu ya meza.

Ukilazimika kutoboa

Mahali pengine mashine ya kuchomelea haifiki. Sawa, toboa, lakini ujue kwamba mafanikio yanaamuliwa kabla drili haijazunguka.

Tatizo kubwa ni katikati. Chuma kilichokatika hakiko sawa, biti huteleza kuelekea upande laini, na upande laini ni alumini. Anza kwa kusawazisha uso kwa tupa au kijiwe kidogo cha kusagia. Tafuta katikati, gonga senta panchi kidogo, tazama kwa kioo na tochi, sahihisha, ndipo ugonge kwa nguvu. Kama bolti imezama, tumia uongozi: kipande cha bomba la chuma au bushi inayoingia shimoni bila kuchezacheza, yenye tundu la kupitisha biti nyembamba. Fundi wa kukereza atakutengenezea bushi hiyo kwa muda mfupi. Njia nzuri kuliko zote ni kukifunga tena kile kifaa ulichotoa, mfano nyumba ya themostati au flanji ya manifoldi, kwa bolti zilizobaki, na kutumia tundu lake kama mwongozo wa bushi.

Nunua biti zinazozunguka kinyume cha saa ukizipata, pamoja na drili inayoweza kurudi nyuma. Zikikwaruza na kuuma, nguvu yao inaelekea kufungua, na bolti ambayo haikuwa imekwama sana hutoka nazo kabla hujamaliza kutoboa. Kwa bolti ngumu, zile zilizoandikwa 10.9 kichwani, biti ya kawaida itapiga kelele na kung'aa bila kukata. Tafuta yenye kobalti. Zungusha polepole, sukuma kwa nguvu, tia mafuta. Biti inapaswa kutoa nyuzi za chuma. Ikitoa unga na moshi, imeshapoteza makali au unazungusha kasi mno.

Anza na milimita 3, panda taratibu. Mwisho wako ni kipenyo cha kukatia uzi: milimita 5.0 kwa M6, 6.8 kwa M8 yenye hatua (umbali kati ya mkato mmoja wa uzi na unaofuata) ya 1.25, na 8.8 kwa M10 ya hatua ya 1.25 iliyozoeleka kwenye injini za Kijapani. Hakikisha hatua ya uzi kwa kupima bolti jirani kabla ya kununua kitu chochote. Ukiwa katikati kweli, ukifika hapo kinabaki koili nyembamba ya chuma kwenye uzi. Ichokonoe kwa sindano mpaka itoke yote, halafu pitisha tapi, kile kifaa cha kukatia uzi shimoni, kusafisha. Ukiona upande mmoja umeanza kugusa alumini wakati mwingine bado ni chuma kinene, simama hapo. Mpelekee mwenye mashine ya kusagia chuma huko Industrial Area hali ikiwa bado inarekebishika.

Kina kiwekee mipaka. Pima bolti jirani, funga mkanda kwenye biti. Nyuma ya mashimo mengi ya hedi kuna njia ya maji au ya mafuta, na ukiitoboa umeanzisha tatizo jipya kabisa. Ziba kila tundu lililo karibu kwa matambara safi na upake biti grisi ili mabaki yashikwe. Kipande kimoja cha chuma kikiingia kwenye silinda kitachora ukuta wake injini ikiwashwa.

Kuhusu ekstrakta

Seti za ekstrakta ziko kila duka la vifaa, na ndizo ninazowasihi watu wawe wa mwisho kuzitumia. Ile ya umbo la kabari yenye mzunguko inapoingizwa hupanua ukuta wa bolti, na kuubana zaidi kwenye uzi ambao tayari umekwama. Nayo imetengenezwa kwa chuma kigumu sana na kinachovunjika bila kupinda. Inafaa bolti iliyokatika wakati wa kukazwa, au iliyokwisha kupashwa moto na kulegea. Ukiitumia, tundu liwe karibu nusu ya unene wa bolti, ikae kwa kugongwa kidogo, izungushwe kwa mkono na mpini wa tapi unaovutwa sawa pande zote. Usiwahi kuifunga kwenye impakti, ile mashine ya kufungulia nati kwa mapigo. Ukihisi inasokota, iache.

Ekstrakta au tapi imekatikia ndani

Biti za kawaida hazitaikata. Ni ngumu kuliko zenyewe. Kwa kuwa inavunjika bila kupinda, wakati mwingine panchi nyembamba na nyundo huivunja vipande ukavitoa kimoja kimoja kwa sumaku na koleo ndogo. Ikishindikana, biti ya kabaidi, iliyo ngumu kuliko chuma, kwenye mashine iliyofungwa imara, isiyotikisika. Drili ya mkononi itaivunja. Baada ya hapo kuna mashine zinazokula chuma kwa cheche za umeme, ambazo hazijali ugumu. Ulizia kwa watengeneza moldi za plastiki Industrial Area, kwa sababu wao huzitumia katika kazi yao.

Kwa vifaa vidogo vya alumini vinavyong'oka, kama nyumba ya themostati au kabureta, kuna njia ya subira inayofanya kazi vizuri ajabu: shabu, ile ile ya jiwe inayouzwa sokoni. Iyeyushe nyingi kwenye maji ya moto mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi, tumbukiza kifaa, na uweke joto karibu na kuchemka kwa masaa mengi ukiongeza maji. Chuma kitaanza kutoa povu dogo, kitakuwa cheusi na kulika taratibu, huku alumini ikibaki karibu bila kuguswa. Sufuria isiwe ya chuma wala ya kupikia chakula tena. Ondoa kwanza kila kitu cha chuma unachokihitaji, na usiijaribu kwa hedi yenye valvu na viti vyake, wala kwa chochote cha chuma cha kusubu: vyote hivyo vitaliwa pia.

Bolti inazunguka lakini haitoki

Hii huwachanganya watu kwa kuwa haionekani kuwa imekwama. Uzi wa alumini umeng'oka na unazunguka pamoja na bolti. Ingiza bisibisi pana chini ya kichwa, sukuma juu huku ukifungua, ili uzi uliobaki upate kushika. Ikitoka na koili ya rangi ya fedha imejizungusha juu yake, umeona chanzo. Shimo hilo halitabana tena lilivyo, hata utie gundi gani.

Dawa yake ni koili ya uzi, inayojulikana kwa jina la Helicoil. Unatoboa shimo kubwa zaidi, karibu milimita 8.3 kwa M8, unakata uzi mpya kwa tapi inayokuja na seti, unazungusha koili ya chuma kisichoshika kutu mpaka izame kidogo chini ya uso, na unavunja kile kishikio chake. Uzi unaopata ni imara kuliko wa awali. Kwa shimo la plagi au la bolti za hedi, tafuta ile ya bushi nzima, maana hapo nguvu na joto ni kubwa.

Wakati wa kurudisha

Usirudishe bolti ya zamani mahali palipokatika nyingine. Nunua yenye alama ya ugumu ile ile kichwani, 8.8 au zaidi kama ilivyokuwa, na urefu ule ule. Zile zisizo na alama zinafaa viti na mabati. Ikizidi urefu itagonga chini ya shimo kabla ya kubana, na shimo lisilotokeza upande wa pili likiwa na mafuta au maji ndani yake, bolti ikiingia hubana kimiminika hicho mpaka alumini ipasuke. Puliza mashimo yote kwa hewa ukiwa umevaa miwani.

Izungushe kwa vidole kwanza. Ikigoma kabla ya mizunguko mitatu, imeingia upande. Itoe uanze tena. Bolti za themostati na za ekzosi zipake kidogo grisi ya shaba ya kuzuia kukwama, lakini ujue uzi uliopakwa huteleza, kwa hiyo kipimo kile kile cha toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hubana zaidi. Punguza kidogo pale kitabu kilipotaja uzi mkavu. Bolti za hedi zinazokazwa kwa kipimo kisha kwa nyuzi za pembe hunyooshwa kwa makusudi, nyingi zina kikomo cha urefu, na zikikipita hazitumiki tena.

Manifoldi kaza kutoka katikati kwenda miishoni, kwa awamu mbili. Kwa stadi za ekzosi weka nati zilizopakwa shaba kama za kiwandani, na baada ya safari chache injini ikiwa imepoa kabisa, pitisha toki renchi tena kwenye zile za miisho. Mfumo wa maji ujaze kulanti yenye kipimo chake, na kifuniko cha radieta kikaguliwe kama bado kinashikilia shinikizo.